Maua yasiyopenda baridi: barazani, dirishani, chini ya nailoni au yabaki ardhini?

Baridi ya Nairobi huingia Juni na haiondoki mpaka Agosti ielekee ukingoni. Kwa anayependa maua, hii ndiyo miezi ya hasara. Shina la adeniamu linalainika, hibiskasi inaangusha matumba kabla hayajafunguka, petunia zinageuka tope, na okidi iliyonunuliwa kwa pesa nyingi inabaki na majani mawili ya manjano. Ukitafuta ushauri, mwingi utakaoupata umeandikwa Uingereza, Kanada au kaskazini mwa Marekani, kwa watu wanaohifadhi mimea yao wakati theluji imelala nje. Kwao ni ushauri mzuri. Ukifuatwa hapa jinsi ulivyo, unaweza kuua mmea ambao ungepona wenyewe.

Kwa hiyo nalinganisha njia zinazotumika sana za kuvusha maua dhaifu msimu wa baridi, nikizipima kwa hali ya hapa Nairobi. Tuanze na baridi yenyewe, maana bila kuijua huwezi kuchagua vizuri.

Kule London, mwishoni mwa Desemba, urefu wa mchana haufiki hata saa nane. Usiku, maji yaliyo ndani ya mmea huganda na kupasua seli zake, na ukiamka unakuta majani yamekuwa meusi. Ndiyo maana wenzetu wa huko hung'oa viazi vya dalia mara jalidi ya kwanza inapounguza majani, wakavihifadhi gizani, pakavu. Jereniamu huziingiza kwenye banda la kioo ambalo hawalipashi joto jingi, ilimradi lisigandishe. Kazi yao kubwa ni kukwepa barafu.

Sisi hatuna barafu ya kukwepa. Julai, ambao ndio mwezi wetu wa baridi zaidi, mchana hufika kama nyuzi 21 au 22 na usiku hushuka kwenye 11 au 12. Mchana wetu ni wa saa kumi na mbili karibu mwaka mzima. Tunachokosa ni jua. Upepo wa kusini-mashariki unaleta unyevu wa bahari, mawingu ya chini yanatanda juu ya jiji siku nyingi mfululizo, manyunyu yanaanza alfajiri, na udongo uliolowa Jumatatu bado umelowa Ijumaa. Mizizi ya mmea uliozoea joto inakaa kwenye tope baridi bila hewa, na ukungu unapata mahali pa kustawi. Mmea hapa hufa kwa maji na kiza zaidi kuliko kwa baridi.

Basi kila njia nitaipima kwa mambo matatu, kwa mpangilio huu: je, inauweka mmea mkavu? Inaupa mwanga? Ndipo niulize kama inaongeza joto.

Nje, lakini chini ya paa

Kwa mimea mingi iliyo kwenye vyungu hii ndiyo njia ninayoiweka mbele ya zote, na haigharimu chochote ila nguvu za kubeba. Baraza, roshani, ukingo wa paa la mabati unaotokeza mbele ya ukuta: popote ambapo mvua haifiki lakini mwanga unafika. Mmea unapata hewa, jani linakauka, na wewe ndiye unayeamua unywe maji lini.

Ila baraza si baraza. Nairobi iko kusini kidogo mwa ikweta, nyuzi moja na ushei, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Vitabu vya Ulaya vinasema weka mimea upande wa kusini wa nyumba. Ukifanya hivyo hapa Julai, umeiweka kwenye kivuli, tena mbele ya upepo baridi unaotoka huko huko. Chagua ukuta unaotazama kaskazini au, bora zaidi, kaskazini-magharibi. Mawingu yetu ya Julai yakikubali kupasuka hupasuka mchana, saa saba au saa nane, na jua hilo la jioni ndilo litakaloufikia ukuta wa magharibi na kuupasha moto. Upande huo pia umejikinga na upepo.

Usisukume vyungu ndani kabisa. Adhuhuri ya Juni jua bado liko juu sana, kwa hiyo chini ya paa lenye kimo cha mita mbili na nusu miale yake huingia kama mita moja tu. Panga vyungu ndani ya mita hiyo. Viinue kwa matofali mawili mawili ili maji yatiririke, na uondoe visahani vyote chini yake. Kisahani kilichojaa maji Julai kinaozesha mizizi haraka kuliko mvua yenyewe. Ukiweza kuchagua chungu, chukua cha udongo. Kinapumua na kukauka mapema. Cha plastiki hushika maji, na sifa hiyo inayotusaidia Februari hutuumiza sasa.

Walio barazani wanafanya vizuri: jereniamu, bogonvilia za vyunguni, begonia, hibiskasi, adeniamu na msanapiti (frangipani). Hizo mbili za mwisho zinahitaji neno la ziada. Adeniamu ni mmea wa nyika zetu kavu, na msanapiti asili yake ni Amerika ya joto. Wote wawili wakipata baridi huangusha majani na kulala. Watu wakiona majani yameanguka huhurumia, wakaongeza maji, na hapo ndipo shina linapooza. Mmea uliolala hauna majani ya kupumua maji hayo nje. Adeniamu isiyo na jani iache ikae kavu kabisa, umwagie kidogo tu ukiona shina limeanza kunywea, na umwagie asubuhi.

Dirishani, ndani ya nyumba

Ndani kuna joto zaidi, nalo joto ndilo linalowavutia watu. Lakini nyumba nyingi za Nairobi hazina chombo cha kupasha joto, na tofauti kati ya sebule na baraza usiku wa Julai ni nyuzi chache tu. Kwa nyuzi hizo chache unalipa mwanga mwingi. Ukiutoa mmea dirishani ukauweka mezani katikati ya chumba, umeunyima sehemu kubwa ya mwanga uliokuwa ukiupata, na siku ya mawingu hata dirishani kwenyewe hauna wa kutosha. Katika majengo yaliyobanana kama ya mtaa wa Pipeline, ambako dirisha lako linatazama ukuta wa jirani, njia hii haifai kwa mmea unaopenda jua. Bogonvilia iliyofungiwa ndani miezi mitatu hutoka imerefuka, imepauka na haina ua.

Kuna kundi dogo ambalo kweli ni la ndani. Anthuriamu na okidi zile za maua mapana kama vipepeo huumia usiku ukishuka chini ya nyuzi 15 mara kwa mara. Saintpaulia nayo ni hivyo hivyo, na hii naitetea kwa moyo wote kwa sababu ni ua la kwetu: asili yake ni misitu ya Usambara kule Tanzania na miamba ya chokaa ya Kilifi, ambako hukaa kwenye kivuli chenye joto. Mmea wa Usambara ukiachwa kwenye roshani ya Kileleshwa Julai utadumaa. Uweke ndani karibu na dirisha, mbali na kioo chenyewe usiku, na umwagilie maji ya uvuguvugu kwenye udongo bila kugusa jani. Maji baridi huacha mabaka ya kudumu kwenye yale majani yenye manyoya.

Mwanga ukikosekana, taa ya kawaida ya LED inatosha kwa Saintpaulia. Taa nyeupe ya wati 10, iliyotundikwa kama sentimita 30 juu ya majani na kuwashwa saa 12 kwa siku, hutumia chini ya uniti 4 za umeme kwa mwezi. Kwa mimea mitano au sita midogo iliyopangwa pamoja kwenye rafu, hiyo naiona ni gharama ya haki.

Mambo mawili huua maua ya ndani bila mwenye nyumba kujua. La kwanza ni jiko la makaa. Moshi na gesi zake huangusha matumba, na kwa watu ni hatari kubwa zaidi, kwa hiyo lisiletwe kwenye chumba kilichofungwa kwa kisingizio chochote, iwe kupasha watu au maua. La pili ni bakuli la matunda. Ndizi na maembe yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, na okidi iliyo kando yake huzeesha maua kabla ya wakati.

Banda la nailoni

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu hununua nailoni ya banda na mbao, anajenga kibanda kilichozibwa pande zote, anaingiza maua yake na kufunga mlango ili joto lisitoke. Wiki mbili baadaye ukungu wa kijivu umepanda kila ua.

Nailoni tupu haihifadhi joto la usiku vizuri. Joto linalotoka ardhini hupenya ndani yake na kwenda zake, hivyo alfajiri ndani ya kibanda kidogo ni baridi karibu sawa na nje. Kinachobaki ndani ni unyevu. Unageuka matone kwenye paa, matone yanadondokea maua, na hewa haitembei. Kwa kiza chetu cha Julai hakuna jua la kukausha.

Ilhali nailoni hiyo hiyo ikitumika kama mwavuli ni msaada mkubwa. Nguzo nne, paa lenye mteremko, pande zote wazi, au angalau pande mbili zinazokabiliana. Ukipenda, teremsha pazia la neti upande wa kusini-mashariki kupunguza upepo. Mashamba makubwa ya waridi ya Naivasha na Athi River hufunika maua kwa nailoni, na sehemu kubwa ya faida yake ni kuzuia mvua isiguse jani. Ukiyapita utaona kuta na mapaa yake yameachiwa nafasi za kutolea hewa. Nunua nailoni iliyotengenezewa mabanda, yenye kinga dhidi ya miale ya jua. Ile ya kawaida hupasuka baada ya miezi michache, kisha vipande vyake vinapeperuka uani.

Nani anahitaji mwavuli huu? Mwenye vitanda vya petunia, impeshensi au waridi ambavyo haviwezi kubebwa, au mwenye vyungu vingi kuliko baraza lake. Ukiwa na vyungu kumi, usijenge. Vibebe.

Kuacha ardhini

Jibu la swali hili liko chini ya miguu yako. Karen, Kiambu, Westlands, Kikuyu: udongo mwekundu, wenye kina, unaopitisha maji. Hapa canna, bogonvilia kubwa, hibiskasi ya ua na hata dalia zinaweza kukaa ardhini msimu wote. Zitachanua kidogo, majani ya chini yatakuwa manjano, na Septemba zitaamka. Bogonvilia ya ardhini yenye mizizi mirefu usiisumbue hata kidogo. Usiimwagilie, usiipogoe mpaka jua lirudi.

Embakasi, Syokimau, Kitengela na Athi River ni habari nyingine. Huko mvua ni chache na jua ni jingi kidogo kuliko upande wa Limuru, lakini udongo mweusi wa mfinyanzi ukishiba maji huyashika, na mmea unasimama kwenye kidimbwi usichokiona. Kwenye udongo huo usipande ua dhaifu usawa wa ardhi. Nyanyua kitanda kwa sentimita 30 au zaidi, changanya mboji na mchanga mkavu mnene au vile vijiwe vyepesi vya volkano, ndipo upande juu yake.

Matandazo nayo yana utata. Nchi za theluji hufukia shina kwa majani makavu ili ardhi isigande. Hapa ardhi haigandi, na rundo la nyasi zilizolowa zikigusa shina huleta uozo na kuwapa konokono makao. Mwishoni mwa Mei yasogeze matandazo mbali na shina, kiasi cha upana wa kiganja, na uyapunguze unene. Kwenye udongo mweusi yaondoe kabisa mpaka Septemba.

Na viazi vya dalia? Kwenye udongo mwekundu usihangaike kuving'oa. Kwenye mweusi, ng'oa. Kata shina libaki kama sentimita 15, vikung'ute, vigeuze juu chini siku chache ili maji ya shina yatoke, kisha vifukie kwenye maranda makavu ndani ya kreti, stoo, pasipo na panya. Vikague kila baada ya wiki chache na utupe kilichoanza kulainika kabla hakijaambukiza vingine. Ni kazi ndogo ukilinganisha na kununua upya.

Vipandikizi, ambavyo vinaenda pamoja na kila njia

Hii haishindani na zile za juu. Ni bima, na naisihi kila bustani iwe nayo. Mmea mzee wa jereniamu au wa koleasi unaweza kufa Julai hata ukiutunza vizuri, lakini vitoto vyake vitano kwenye kreti moja vinatoshea mahali pa chungu kimoja barazani.

Siri ni wakati. Watu hukata vipandikizi Julai, wakiona mama anakufa, na vingi huoza kwa sababu mizizi inataka udongo wenye joto la kama nyuzi 20 ili itoke. Kata Aprili au Mei, mvua za masika zinapoendelea lakini ardhi bado ina joto, ili ifikapo Juni kila kijiti kiwe kimeshika. Jereniamu: urefu wa sentimita 8 hadi 10, kata chini kidogo ya kifundo, ondoa majani ya chini na maua yote, uache kidonda kikauke saa chache, kisha uchomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Usikifunike kwa nailoni, kitaoza. Koleasi na impeshensi ni kinyume chake: glasi ya maji dirishani inatosha. Ukichelewa mpaka Juni, mahali penye joto la kudumu nyumbani mara nyingi ni juu ya friji.

Sasa, wewe uchague ipi

Mpangaji wa gorofa mwenye roshani ya kaskazini au magharibi: roshani kwa kila kitu isipokuwa Saintpaulia, anthuriamu na okidi, ambazo zitalala ndani. Roshani ikitazama kusini, punguza matarajio. Jaza fuksia na begonia na usinunue adeniamu. Fuksia hupenda ubaridi na kiza chepesi, na Julai ya Nairobi kwake ni sherehe. Wauzaji wa miche kando ya Ngong Road huwa nazo. Waulize mche umekaa nje au ndani ya banda, kwa sababu uliotoka bandani jana utashtuka ukiuweka kwenye upepo leo.

Mwenye kiwanja cha udongo mwekundu: mikubwa ibaki ardhini, vyungu viende ukutani, vipandikizi vikatwe Mei. Sioni haja ya banda. Mwenye udongo mweusi: vitanda vya kuinuliwa kwanza, na kama kuna pesa ya jambo moja tu, iende huko kabla ya nailoni.

Popote ulipo, acha mbolea zenye naitrojeni kuanzia mwisho wa Mei. Zinazalisha majani laini ambayo ubwiri unga, ule ukungu mweupe wa majani, huyapenda. Mwagilia asubuhi, na kabla ya kumwagilia inua chungu: kikiwa kizito, kiache.

Limuru, Tigoni na kwenda juu

Walio juu, kwenye mita 2,200 na zaidi, wanaweza kuona jalidi ya kweli, na wengi huitarajia Julai. Mara nyingi huja wakati mwingine kabisa, Desemba hadi Februari, usiku ambao anga ni safi na upepo umetulia. Mawingu ya Julai yanazuia joto la ardhi lisipotee. Anga tupu ya Januari haizuii. Januari 2012 jalidi iliunguza chai huko Kericho na Nandi, na ulikuwa msimu wa kiangazi, jua kali mchana.

Kwa hiyo bustani ya Limuru inahitaji mipango miwili. Julai, fuata yaliyosemwa hapo juu, ukikaza zaidi kwenye ukavu. Januari, jioni ikiwa haina wingu wala upepo, mwagilia udongo mapema mchana ili ushike joto, kisha jioni funika mimea kwa shuka kuukuu au gunia lililotandazwa juu ya vijiti ili lisiguse majani. Lifunue asubuhi jua likitoka. Nailoni iliyogusa jani usiku huo itaunguza jani hapo ilipogusa. Na vyungu visiwekwe bondeni, chini ya mteremko, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutiririka kwenda huko.

Kurudisha mimea nje ni mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, kabla ya vuli kufika Oktoba. Toa iliyokuwa ndani asubuhi kwa muda wa saa mbili tu, kwa siku chache, uongeze taratibu, kwa maana jani lililozoea sebule huungua kwa jua la Septemba siku moja tu. Kumbuka pia kwamba kufikia mwisho wa mwezi huo jua linapita juu ya kichwa na kuelekea kusini, hivyo ukuta wako wa kaskazini utaanza kupoteza mwanga. Vyungu vinavyopenda jua vihame upande wa pili wa nyumba ndipo uanze kuvipa mbolea tena.